Kofia Mbili Katika Beseni Moja

Mafundi wa injini wako wengi, na wenye maringo ni wengi kuliko mafundi, lakini Kiganja aliwapita wote kwa jambo moja: maringo yake yalikuwa na ushahidi.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alijipa mwenyewe, akawa hageuki ukimwita jingine, mpaka mtaa mzima ukachoka na kukubali. Sababu yake ilikuwa bolti. Injini, ambayo wewe unaiona kama sanduku la kelele, ni bolti nyingi zilizoshikana, na kila bolti ina kiasi chake cha kukazwa. Ukiiacha legelege itacheza, itagonga, siku moja itatoka. Ukiikaza kwa hasira, chuma kinavutika kama mpira wa suruali ya zamani, na kikishavutika hakirudi. Utakiona kimetulia pale, kumbe kinasubiri kukuumbua mbele ya wateja. Ndiyo maana kuna spana ya kupimia, ndefu, yenye mshale unaotembea juu ya namba kukuonyesha umekaza kiasi gani. Kiganja hakuwa nayo na hakuitaka. Aliiita gongo la wasioona.

"Mimi namba zangu ziko hapa," alikuwa akisema, huku anainua kiganja cha mkono wa kulia, kipana kama kisosi, mistari yake imejaa grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga.

Siku moja dereva wa lori alimletea spana yake ya kupimia ili amnyamazishe. Kiganja akafunga hedi ya injini ya lori lile mbele ya watu: akaanza na bolti za katikati, akaenda nje kwa kuvuka huku na huku, raundi ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ndiyo ya mwisho, macho yametazama juu kama mtu anayeonja chumvi. Dereva akapima bolti moja baada ya nyingine. Mshale ukasimama palepale kila mara. Watu wakapiga makofi, na Kiganja akatembea wiki nzima mkono ukiwa nje ya mfuko, uonekane.

Mtu mmoja tu hakumwita Kiganja. Dada yake mkubwa.

"Kiganja gani?" alikuwa akisema. "Hicho nimekichapa mimi, kimezama kwenye kopo la sukari."

Dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamnunulia spana yake ya kwanza. Alikuwa mjane mwenye mashine ya kusaga nafaka, chumba kimoja chenye mlango wa bati, magunia yamepangwa ukutani, mkanda mpana unanesa kutoka kwenye injini hadi kwenye kinu. Alifanya kazi humo tangu mumewe akiwa hai. Unga ulikuwa umeshaingia kwenye nyusi zake ukakataa kutoka, kiasi kwamba wanawake waliokuja kusaga walimtania kwamba amezeeka uso tu, miguu bado ya msichana. Injini ilikuwa ya dizeli, ya silinda mbili, aliyoinunua marehemu. Nayo ilikuwa imechoka. Ilitoa moshi wa buluu, ilikunywa oili kama ng'ombe, na debe likijaa mahindi magumu ilikuwa inapumua kwa shida kama mzee kwenye ngazi.

Dada alishapata dawa. Mfyatua matofali wa ng'ambo ya pili alikuwa na mota ya umeme iliyolala bure, kwa kuwa kiwanjani kwake hakuna nguzo ya umeme hata moja. Injini chakavu ilimfaa, ya kukandia udongo tu. Wakakubaliana wabadilishane, hiki kwa hiki, bila nyongeza. Ilibaki kubeba.

Kiganja alipopata habari alifika na aproni yake shingoni.

"Dada, nasikia mashine ya shemeji inakwenda kukanyaga matope."

"Inakwenda kupumzika. Na mimi nipumzike."

"Nikiwa hai? Watu wataniambia nini? Fundi wa injini za watu, ya dada yake imemshinda, imetupwa kwenye matofali!"

"Watakuambia umezeeka. Si kweli?"

"Dada."

"Mdogo wangu, mota ya umeme unabonyeza tu. Sihitaji kuzungusha hendeli mpaka bega litoke."

"Nipe siku chache tu. Nabadilisha ringi za pistoni, naweka beringi mpya, nasaga valvu. Itawaka kwa kidole kimoja. Shemeji akiisikia huko aliko atainuka kuja kudai mgawo."

Dada akacheka. Hapo ndipo alipokosea, kucheka. Mtu akishakuchekesha umeshampa nusu ya jibu. Aliitazama ile injini, akaipangusa unga kwa kiganja, akasema, "Basi ifufue. Lakini nakuapia, hii ndiyo kazi yangu yote. Sina nyingine."

"Umempa nani kazi?" akasema Kiganja. "Umempa Kiganja."

Mfyatua matofali akaambiwa mapatano yamekufa. Akampa mtu mwingine ile mota.

Injini ikaletwa karakana kwa mkokoteni. Karakana ya Kiganja ilikuwa ua wenye paa la bati nusu, meza ya mbao iliyolowa dizeli miaka na miaka, na ukuta mmoja aliogawana na mchomeleaji wa vyuma, mtu wa miwani nyeusi na maneno machache. Dada alikuja kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu mashine ikiwa imefungwa hakuwa na pa kwenda. Wateja wake wawili watatu wakamfuata. Na Kiganja akiwa na watazamaji ni kama redio iliyowekwa betri mpya.

Akaifungua injini huku anahubiri. Hiyo hapa hedi, dada, kifuniko cha juu, ndani yake valvu zinavuta hewa na kutoa moshi. Hii pistoni, inapanda na kushuka ndani ya silinda. Hizi ringi, bangili za pistoni, zikilika oili inapanda juu, ndiyo ule moshi wa buluu uliokuwa unatia aibu mtaa. Kila pistoni ina mguu wake wa chuma, konrodi, na mguu huo unaikumbatia kranki, ule mhimili unaozunguka, kwa chini. Ili uweze kukumbatia, kisigino cha mguu kimekatwa: nusu iko kwenye konrodi, nusu ni kofia ndogo inayofungwa kwa bolti mbili. Ndani ya mkumbatio huo zinakaa beringi, vipande viwili vyembamba, vya mviringo uliokatwa katikati, na kati ya beringi na kranki panapita oili.

Yote hayo aliyasema sawasawa. Ambacho hakukisema, kwa kuwa alikijua mno hata akakisahau, ni kwamba tundu la konrodi huchongwa kiwandani kofia ikiwa imeshafungwa. Kofia na konrodi yake ni mume na mke. Ukimpa huyu kofia ya yule, kwa macho zinafanana, bolti zinaingia bila ugomvi, lakini tundu halibaki duara. Linapinda kidogo kuliko unywele. Na injini hailali na unywele jichoni.

Mafundi wote huzitia alama kabla ya kuzifungua, nukta moja hapa, nukta mbili pale, kwa msumari na nyundo. Kiganja naye huzitia. Siku ile alizitupa kofia zote mbili katika beseni moja la petroli, azioshe, huku anasimulia habari za dereva wa lori na mshale uliosimama palepale.

"Mdogo wangu," dada akamkatiza, "hizo huziwekei alama? Nakuona umezichanganya."

Swali la mtu anayechambua mawe kwenye mahindi. Jicho lake limezoea vitu vinavyofanana.

"Dada! Mama ana watoto wawili, anawachanganya?"

"Wakiwa pacha, anawafunga uzi."

Wanawake wakaangua kicheko. Kiganja naye akacheka, lakini kicheko kile kilimchoma kidogo. Angeweza kuchukua brashi ya waya na kuzisugua. Chini ya masizi kiwanda kilishapiga namba, moja na mbili. Kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kuchukua brashi wakati ule kungekuwa kumjibu dada kwamba ni kweli. Akaziokota kofia, akazigeuza kwenye mwanga, akaangalia michubuko yake kama mpiga ramli, akatamka, "Huyu wa huku. Huyu wa kule." Wakampigia makofi.

Alikuwa na sheria yake moja, na kwa sheria hiyo alikuwa ameshawafukuza vibarua: ukikaza kofia moja, zungusha kranki kwa mkono. Ikizunguka laini, endelea. Ikikataa, fungua, usiniulize. Alipaka oili kwenye beringi, akafunga kofia ya kwanza, bolti hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, macho juu. Kiasi kilikuwa chenyewe. Hata mshale wa dereva ungesimama. Akaweka mkono kwenye kranki, akazungusha.

Ilizunguka. Lakini mahali fulani ilishika, kama mlango uliovimba kwa mvua, kisha ikaachia.

Kiganja kilisikia. Hilo halina ubishi. Ngozi ile ile iliyojua bolti kuliko mshale ilipata habari yote pale pale, wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akasita. Akaizungusha tena. Ikashika palepale.

"Vipi?" akauliza dada.

"Safi," akasema Kiganja.

Akafunga kofia ya pili. Sasa kranki ilikataa mkono kabisa. Akaenda kona, akachukua bomba refu, akalichomeka kwenye hendeli, akazungusha kwa uzito wa mwili, mara kadhaa, mpaka ikaanza kuachia. Ng'ambo ya ukuta mchomeleaji aliinua miwani yake.

"Ndugu yangu, na hilo bomba la nini? Si huwa unazungusha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai?"

Watu wakamgeukia Kiganja. Dada akamgeukia. Kuna maneno ambayo yangetosha pale, mepesi tu: nimekosea, ngoja nifungue. Angetaniwa mpaka jioni, basi. Dada mwenyewe ndiye angeongoza kumcheka. Lakini ulimi wa Kiganja haukuwahi kukosa kitu cha kusema, na siku ile ulikuwa mwepesi kuliko mkono.

"Beringi mpya, kaka. Ni kama kiatu kipya. Kinabana kanisani, siku ya sokoni kimeshalegea."

Wakacheka. Mchomeleaji akashusha miwani. Kiganja akaendelea kufunga, na hakuizungusha tena.

Usije ukadhani haikuwaka. Iliwaka! Ilirudishwa chumba cha mashine cha dada, ikafungwa kwenye msingi, mkanda ukavalishwa, na dada akazungusha hendeli mara moja tu, ikaitika kwa sauti nene iliyonyooka, moshi mweupe mwembamba ukatoka na kukatika. Dada alishika mdomo. Akazunguka injini ile kama bibi harusi anayezunguka kabati jipya. Aliwaita majirani waje wasikie.

"Ni mdogo wangu," aliwaambia. "Nimembeba mimi huyu."

Na kwa mara ya kwanza, mbele za watu, akamwita Kiganja.

Fundi akapokea sifa zile kwa kuinama, jambo ambalo si lake. Akanawa mikono mara mbili. Njiani kurudi alijiambia labda kweli italegea. Kila alipopita karibu na mashine alisimama kidogo nje, asikilize. Ilikuwa inasaga. Mara mbili alifika mpaka mlangoni akiwa na spana mfukoni, ili aseme tu, dada, izime kidogo niangalie chini, na mara zote mbili palikuwa na foleni ya ndoo, na dada akampungia mkono mweupe kwa unga akasema, "Nenda zako, inakwenda kama saa!" Akaenda zake.

Ilisaga wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja, katikati ya gunia, ikaanza kugonga. Dada alisema baadaye alisikia kama mtu anapiga hodi kutoka ndani. Alipokuwa anakimbilia mahali pa kuizima, ikapasuka. Konrodi ilikatika, ikatoboa ubavu wa injini, ikachomoza nje kama goti kwenye suruali iliyochanika. Hakuumia mtu. Oili yote ikamwagika sakafuni ikachanganyika na unga, ikawa tope la kijivu mpaka kwenye kizingiti.

Kiganja alimkuta dada amekaa juu ya gunia, kijiti cha kupimia oili mkononi.

"Kavu," akasema. "Tazama. Kavu kabisa."

"Imemwagika, dada. Si tundu hilo hapo?"

"Sijapima leo asubuhi. Nilikuta foleni, nikasema nitapima baadaye. Jana sijui kama nilipima. Najaribu kuikumbuka jana, siipati."

"Ngoja kwanza niifungue."

"Ifungue uniambie. Niambie kweli, usinionee huruma."

Akaipeleka karakana kwa mkokoteni. Safari hii hakuita mtu. Akafungua, akatoa kofia moja iliyobaki nzima, beringi yake imeungua nyeusi, imekatika upande. Akachukua brashi ya waya, akasugua masizi, akasugua na konrodi yake. Kwenye konrodi, moja. Kwenye kofia, mbili. Alikaa chini. Akasugua tena kana kwamba namba zingebadilika.

Mchomeleaji akaja kuangalia kama tundu linazibika. Akainama, akaona kofia, akaona konrodi, akamwona na mwenyewe.

"Hili siwezi kuliziba," akasema. Akainuka. "Nazungumzia chuma." Wala siku nyingine hakulitaja tena.

Dada alikuja mchana. Hakukaa kwenye ndoo. Alisimama mlangoni, ameshika pochi yake kwa mikono miwili kama mtu aliye ofisini.

"Enhe?"

Vipande vilikuwa mezani, vimefunikwa na gunia. Kiganja alikuwa ametayarisha maneno tangu asubuhi, ameyapanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafungua mdomo.

"Dada, haikuwa oili."

"Basi ilikuwa nini?"

Walikuwepo wao wawili tu na inzi. Hakuna aliyekuwa anasubiri kucheka. Hata hivyo alipomtazama yule mama mwenye nyusi nyeupe, aliona uso wa siku ile mashine ilipowaka, na jina alilomwita, na maneno yaliyopangwa yakakimbia kila moja njia yake. Yakabaki yale yaliyokuwa tayari ulimini siku zote.

"Injini ilikuwa ya zamani, dada. Chuma kilichoka."

Dada akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu tabasamu la kumwonea huruma yeye.

"Unanitetea. Tangu mtoto hujui kunisema vibaya. Uliifunga vizuri, dunia nzima iliisikia. Ni mimi." Akamgusa bega. "Usijisumbue, mdogo wangu. Uliniachia kitu kizima, nikakiua kwa uvivu wa kuinama."

Akaondoka, na Kiganja akalivuta gunia livifunike vipande vizuri zaidi.

Chumba cha mashine kikarudishwa kwa mwenye nyumba. Dada akapata kibarua kwenye mashine ya mtu mwingine, ya umeme, ya kubonyeza. Anachekecha na kufagia. Kiganja amemsihi ahamie kwake, amekataa. Amesema hawezi kula bure kwa mtu aliyempotezea kazi yake. Ndivyo anavyolisema, kwamba yeye dada ndiye aliyepoteza kazi ya mikono ya mdogo wake.

Kiganja siku hizi ana spana ya kupimia, yenye mshale. Anatia alama kila kitu, hata kisichohitaji. Kranki ikishika kidogo tu, anafungua chote na kuanza upya, na mteja akinung'unika anaambiwa atafute fundi mwingine. Watu wanasema amekuwa mzuri kuliko zamani, na sifa zake zimefika mbali. Wakimwita Kiganja anaitika, lakini hainui mkono.

Humtembelea dada kila mwisho wa juma kwa pikapu yake kuukuu. Kila akiwa njiani anayapanga yale maneno upya, na kila akifika anamkuta dada anawasimulia wapangaji wenzake, wasichana waliokuja na ndoo zao bombani: mdogo wangu alinifungia injini kama mpya, mimi kwa uzembe wangu nikaiendesha kavu, basi nyie mjifunze kwangu. Wasichana wanamtazama fundi kwa heshima. Anawasalimu, anakunywa chai, anasifia chai.

Na akiaga, dada hamruhusu kuwasha gari. "Fungua boneti kwanza," anasema. Kiganja anafungua, anaishikilia. Dada anainama kwa shida, mkono kiunoni, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa pindo la gauni lake, anakirudisha, anakichomoa tena, anakisogeza karibu na macho kuutafuta ule mstari. Huchukua muda wake.

"Iko sawa," anasema. "Lakini usije ukaniiga mimi. Uwe unapima."

"Nitapima, dada," anajibu Kiganja, naye anaendelea kushikilia boneti mpaka amalize kujifuta mikono.